Mtungi wa Gesi Ukifika Lobule, Nani Atabeba Dhamana?

Katika vijiji vya Lobule, wilayani Koboko, chakula cha jioni bado hupikwa kwa kuni juu ya mafiga matatu. Eneo hili liko kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, karibu na mahali mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana. Tangu 2013 limekuwa makazi ya wakimbizi kutoka Kongo, baadhi yao wakizungumza lugha zilezile za wenyeji waliowapokea. Mwenye kipato cha ziada hununua makaa ya sigiri. Gesi ya mtungi utaikuta Koboko mjini, na zaidi katika jiji la Arua, kwenye hoteli na nyumba za wafanyakazi wa mishahara.

Hata hivyo gesi inazidi kusogea vijijini, na swali la usalama wake halingoji. Majibu mawili husikika sana, na hakuna hata moja linalotosha. Wapo wanaosema gesi hulipuka, basi tubaki na kuni zetu. Wengine husema gesi ni nishati safi, basi wananchi wagawiwe mitungi. Wa kwanza wanawasahau wanaokufa polepole kwa moshi. Wa pili wanasahau kwamba mtungi ukishatoka dukani unahitaji mtu wa kuufunga, wa kuukagua na wa kuujibia siku mambo yakiharibika.

Hoja yangu ni hii: usalama wa gesi unakaa kwa watu wanaoshika mtungi, tangu anayeujaza, anayeusafirisha, anayeuuza, hadi anayeufunga jikoni. Lobule iko mwisho wa safari hiyo, na huko mwisho ndiko wajibu unakokosa mwenyewe.

Kwa nini sasa

Zaidi ya kaya tisa katika kila kumi nchini Uganda hupikia kuni au makaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Wanaouvuta zaidi ni akina mama na watoto wadogo wanaoshinda nao jikoni. Hapo bado hujahesabu saa za kutembea kutafuta kuni, wala ugomvi kati ya wenyeji na wageni juu ya miti iliyobaki.

Serikali nayo imeanza kubana. Mei 2023 Rais Museveni alitoa agizo la kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi. Agizo la namna hiyo lina maana kwa miti, lakini mama mwenye sufuria ya maharage hawezi kungoja mti ukue. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Nile Magharibi, eneo la Arua na Koboko, mwaka 2024 kupitia laini mpya ya msongo mkubwa hadi Arua, ila kutoka kwenye kituo cha Arua hadi kwenye kibanda cha Lobule ni safari nyingine, na kupikia umeme ni nyingine tena. Wakati huohuo miradi ya mafuta katika Bonde la Albert inatarajiwa kutoa gesi ya kupikia humuhumu nchini. Tanzania imeshatangaza mkakati wa kitaifa unaolenga asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi ifikapo 2034. Upepo wa Afrika Mashariki nzima unavuma upande wa mtungi, na Lobule haitabaki nyuma milele.

Njia ndefu ya mtungi

Uganda haina bandari ya bahari. Gesi inayopikiwa Arua hushushwa pwani, hasa Mombasa, ikabebwa kwa malori hadi Kampala, kisha ikavuka Nile kule Karuma na tena Pakwach. Kutoka Arua hadi Koboko kuna lami nzuri. Baada ya hapo mtungi hupanda bodaboda.

Njia ndefu ina madhara mawili. La kwanza ni bei, kwa sababu kila kituo huongeza chake. La pili ni uhaba wa ghafla. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo kuanzia Septemba hadi Desemba 2024, magari ya Nile Magharibi yalilazimika kuzunguka. Bidhaa inapoadimika ndipo wanapojitokeza watu wa kujaza mitungi uani, wakimimina gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo bila mizani wala vipimo. Mtungi hujazwa gesi iliyogandamizwa kuwa maji hadi karibu asilimia 80 au 85 tu, ili ibaki nafasi ya gesi kutanuka joto likipanda. Anayejaza kwa kukisia anaweza kuimaliza nafasi hiyo, na mtungi wa namna hiyo ukiachwa juani msukumo wa ndani unaweza kuzidi nguvu za chuma.

Nairobi ilipata somo hili kwa uchungu. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi. Watu kadhaa walifariki na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya udhibiti wa nishati ya Kenya ilieleza kwamba mwaka uliotangulia ilikuwa imekataa maombi ya leseni ya kituo cha gesi cha mahali hapo, kwa sababu eneo lile lina msongamano mkubwa wa watu. Leseni ilikataliwa kwenye karatasi, lakini kazi iliendelea uwanjani. Kama hayo yametokea katika jiji lenye mamlaka, polisi na waandishi wa habari, basi kijiji cha mpakani kina haki ya kuuliza nani atakuja kukagua.

Kenya inatufundisha jambo jingine. Mwaka 2009 iliweka mpango ulioruhusu mtungi wa kampuni moja kubadilishwa na wa kampuni nyingine yoyote. Mteja alifurahia urahisi, lakini hakuna aliyekuwa na sababu ya kukarabati mtungi ambao kesho ungekuwa kwa mshindani. Kanuni za 2019 ziliufuta mpango huo na kumrudishia mwenye chapa dhamana ya mtungi wake. Mtungi usio na mwenyewe hauna mkaguzi.

Mnunuzi wa Koboko anayo silaha moja mkononi: mizani. Kwenye kola ya mtungi au ubavuni huandikwa uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Mtungi wa kilo 6 za gesi wenye uzito mtupu wa kilo 7.4 unapaswa kusoma kilo 13.4 ukiwa umejaa. Ukisoma 12, umeibiwa gesi. Ukisoma 14.5, umepewa hatari, kwa kuwa umejazwa kupita kiasi. Tazama pia tarehe ya kupimwa kwa mtungi, sili juu ya valvu, na kama chuma kimebonyea au kutafunwa na kutu. Muuzaji anayekataa mtungi wake upimwe mbele yako amekwisha kukujibu.

Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya moshi

Jiko la kienyeji la Nile Magharibi limejengwa kwa akili. Ni msonge wa udongo wenye paa la nyasi. Moshi hupanda na kutokea kwenye nyasi na uwazi chini ya paa. Mlangoni kuna kizingiti kilichoinuliwa ili maji ya mvua yasiingie. Sakafu mara nyingi imechimbika kidogo kwa kufagiwa miaka mingi. Kila kimoja kati ya hivi kinafaa kwa moto wa kuni.

Gesi ya mtungi ina tabia tofauti kabisa. Ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kwa karibu mara moja na nusu, butani kwa mara mbili. Ikivuja haipandi, bali hushuka sakafuni na kutambaa ikitafuta bonde. Kizingiti kile kinachozuia maji yasiingie huizuia gesi isitoke. Uwazi wa juu uliokuwa ukitoa moshi hausaidii kitu, maana gesi iko chini miguuni.

Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya gesi ikivuja yote hutoa karibu nusu mita ya ujazo ya mvuke. Gesi hii huwaka inapofikia kati ya asilimia 2 na 10 ya hewa. Msonge wenye kipenyo cha mita 3 na ukuta wa mita 2 una ujazo wa mita 14 hivi chini ya paa. Kilo moja tu inatosha kuifikisha hewa hiyo kwenye asilimia zaidi ya 3, na kwa kuwa gesi hukaa chini, huko sakafuni ni nyingi zaidi. Mtungi mdogo wa kawaida una kilo 6. Kibiriti, kaa lililobaki kwenye mafiga, au swichi ya taa ya sola vinatosha kuiwasha.

Kwa hiyo kufunga gesi Lobule kunaanza na nyumba kabla ya mtungi. Jiko la gesi lisiwekwe chini ya paa la nyasi. Liwe kwenye banda la mabati au vigae, lenye mlango usio na kizingiti, au lenye matundu mawili matatu ukutani usawa wa sakafu, yanayotazama nje na yasiyozibwa na magunia. Mafiga na sigiri zisiwashwe chumba hichohicho. Mtungi usimame wima mahali tambarare, penye kivuli, pasipo shimo wala mfereji karibu. Ukikaa nje ya ukuta ndani ya kizimba cha kufungwa kwa kufuli ni bora zaidi, mradi mpira upite ukutani ndani ya bomba la kuulinda usikatwe na tofali wala kutafunwa na panya.

Mtungi wa kilo 6 unaofungwa burna moja kwa moja kichwani unahitaji neno la peke yake, kwa sababu ndio wa bei nafuu na ndio utakaofika kwanza. Hauna mpira wala reguleta ya kushusha msukumo, na moto wake unawaka juu ya gesi yenyewe. Unafaa kuchemsha chai. Kusonga ugali wa muhogo wa watu wanane ni jambo jingine. Mwiko unasukumwa kwa nguvu za mabega, sufuria inayumba, na chini yake ni mtungi mwembamba unaoweza kuanguka ukiwaka. Familia inayopika kwa wingi inahitaji jiko la mezani, mpira na reguleta, hata kama itakusanya fedha kwa miezi kadhaa zaidi.

Matunzo ya kila siku

Sehemu kubwa ya ajali za majumbani hutoka kwenye vitu vidogo: mpira, klipu na reguleta. Mpira wa gesi huandikwa aina yake na tarehe ya kutengenezwa. Mpira wa kumwagilia bustani au wa petroli haufai hata kwa siku moja, kwa sababu gesi huuchakaza. Urefu wa mita moja na nusu unatosha kuuweka mtungi mbali na moto. Ufungwe kwa klipu za skrubu pande zote mbili, wala si kwa waya au kipande cha tyubu. Ukiukunja ukaona nyufa, ubadilishe. Hata kama hauna nyufa, fuata muda wa matumizi aliouandika mtengenezaji. Reguleta lazima ilingane na valvu ya mtungi, kwani kuna aina kadhaa sokoni na kulazimisha isiyolingana ndiko kunakoleta uvujaji.

Kila unapobadilisha mtungi, changanya sabuni na maji mpaka itoe povu, fungua valvu moto ukiwa umezimwa, kisha paka povu kwenye valvu, reguleta na ncha za mpira. Mapovu yakianza kukua, kuna uvujaji. Funga, kaza, upime tena. Usitumie kibiriti kutafuta uvujaji. Mwali nao huzungumza: wa buluu na uliotulia ni mzuri, wa njano unaoacha masizi chini ya sufuria unaonyesha burna imeziba au hewa haitoshi. Safisha matundu kwa brashi na sindano, si kwa kuyapanua.

Bodaboda nayo iangaliwe. Mtungi ukilazwa kwenye kiti cha nyuma, gesi ya maji hufika kwenye valvu. Valvu ikivuja mtungi ukiwa wima hutoa mvuke. Ikivuja ukiwa umelala humwaga maji ya gesi, na lita moja ya maji hayo hugeuka kuwa lita 250 hivi za mvuke. Mtungi usafirishwe umesimama, umefungwa kamba, sili ikiwa mahali pake, na dereva asivute sigara.

Gesi yenyewe haina harufu. Kiwandani hutiwa dawa inayonuka kama yai viza ili binadamu aigundue. Ukisikia harufu hiyo, usiwashe wala kuzima taa, usiguse simu ndani, funga valvu, fungua mlango, toa watoto, kisha ita watu ukiwa nje. Kama moto umeshashika kwenye mpira, kufunga valvu ndiyo dawa. Kama huwezi kuifikia, ondoka na uwaondoe wengine. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno, mafuta wala sukari, kisha apelekwe kituo cha afya.

Hewa ya sumu, Koboko hadi Amerika Kaskazini

Hatari nyingine haina mlipuko. Moto wowote unaokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Sigiri ya makaa inayoingizwa chumbani usiku wa mvua huua kwa njia hii, na jiko la gesi lenye mwali wa njano katika chumba kilichofungwa linaweza kuua vilevile. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na katika nchi ya malaria ni rahisi kumeza dawa za malaria na kurudi kulala mahali palepale. Ikiwa watu wote wa nyumba wanaumwa kichwa kwa pamoja na nafuu huja wakitoka nje, watoeni nje na muwapeleke hospitali.

Jambo hili linawahusu pia ndugu zetu Wakongomani waliohamishiwa Marekani na Kanada kutoka makazi ya wakimbizi ya Uganda. Huko nyumba nyingi hupashwa joto na tanuru la gesi lililoko chini ya nyumba, linalopuliza hewa moto vyumbani kwa mabomba na kutoa moshi wake nje. Mara nyingi gesi yake ni ya bomba la mtaa, ambayo ni nyepesi na hupanda juu, tofauti na ya mtungi. Tanuru hilo hufungwa na fundi mwenye leseni, hukaguliwa kila mwaka kabla ya baridi, kichujio chake hubadilishwa mara kwa mara, bomba la moshi halizibwi na theluji, na king'ora cha kaboni monoksidi huwekwa karibu na vyumba vya kulala. Umeme ulipokatika Texas kwenye baridi kali ya Februari 2021, watu wengi walidhurika kwa sababu walileta majiko ya makaa ndani au waliwasha magari kwenye gereji. Aliyezoea sigiri Lobule anapaswa kuambiwa hili siku ya kwanza anapokabidhiwa ufunguo wa nyumba yake mpya: makaa hayaingizwi ndani, hata baridi iwe kali namna gani.

Kinachozilinda nyumba hizo ni mpangilio: fundi anajulikana, leseni yake inajulikana, na ukaguzi una tarehe. Mpangilio wa namna hiyo unaweza kuwekwa hata kwenye nyumba ya udongo.

Makambi yametuonyesha nini

Gesi imeshajaribiwa penye wakimbizi. Katika kambi ya Mahama, Rwanda, na kwa kiwango kikubwa zaidi katika makambi ya Warohingya huko Cox's Bazar, Bangladesh, mashirika yaligawa majiko na mitungi kuanzia karibu 2018. Kule Bangladesh uchumaji wa kuni ulipungua sana na vilima vilivyokuwa vimebaki vipara vikaanza kuota kijani. Faida hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa.

Lakini Machi 22, 2021, moto mkubwa uliteketeza sehemu ya makambi hayo. Watu 15 walithibitishwa kufariki na makumi ya maelfu wakabaki bila makazi. Walioshuhudia walisimulia mitungi ikilipuka moto ulipokuwa ukienea kati ya vibanda vya mianzi na turubai. Vibanda vilikuwa vimebanana, na gesi ilipoongezwa hapo moto ulipata chakula zaidi. Lobule ina nafasi kati ya nyumba na nyumba kuliko Cox's Bazar, na hiyo ni bahati. Ina pia nyasi kavu na upepo wa kiangazi kuanzia Desemba, na hilo ni onyo.

Dhamana iwe ya nani

Nikiyapima yote haya, naona kwamba kugawa mitungi leo kwa kila kaya ya Lobule, kama nyumba zilivyo na bila fundi wala kituo cha kubadilishia mtungi kilicho karibu, kungekuwa kosa. Kuizuia gesi isifike kungekuwa kosa vilevile. Utaratibu ndio unaokosekana, na hauhitaji mabilioni.

Mahali pa kuanzia ni jikoni pa taasisi: shule, zahanati na hoteli za sokoni. Huko kuna paa la bati, mpishi mmoja anayeweza kufundishwa, na chungu kikubwa kinachookoa kuni nyingi kwa mara moja. Baadaye vijana wachache wa eneo, wenyeji na wakimbizi pamoja, wafunzwe kufunga na kukagua. Majina yao yabandikwe kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), na kila kaya inayonunua jiko ijue nani atarudi kulikagua. Shirika la Viwango la Uganda na Wizara ya Nishati wawe na macho Koboko, si Kampala pekee, hasa kwenye maduka yanayojaza mitungi uani. Na shirika lolote litakaloleta majiko lilipie pamoja nayo mpira wa kubadilisha, matundu ya ukutani na ziara za ukaguzi, kwa lugha ambayo mama wa nyumbani anaisikia: Kikakwa, Kilugbara, Kiswahili au Kilingala.

Kwa familia ambayo bado haijafika kwenye gesi, jiko la udongo linalobana moto, kuni zilizokaushwa vizuri na maharage yaliyolowekwa tangu usiku hupunguza moshi leo hii, bila kungoja lori la Mombasa.

Na wewe ambaye mtungi umeshaingia nyumbani kwako, Arua, Koboko au penginepo, fanya mambo mawili kabla ya kupika chakula cha leo: paka povu la sabuni kwenye maungio yote, kisha inama uangalie kama hewa ina pa kutokea usawa wa sakafu. Kama haina, toboa tundu ukutani kabla hujawasha moto tena.